Daktari Denis Burkitt na Faida ya Kuuliza

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili ya kuuliza na subira ya kungojea jawabu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baad. Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi maisha ya maimamu na maulama. Mara hii tumeazimu kuandika maisha ya mtu ambaye hakuwa imamu wala hakuwa Mwislamu, naye ni Daktari Denis Burkitt, daktari wa kupasua aliyefanya kazi Uganda tangu mwaka 1946 kwa muda wa miaka ishirini, na ambaye jina lake limebaki katika maradhi ya saratani yanayowapata watoto wetu wa Afrika Mashariki mpaka leo. Huenda msomaji akauliza: kurasa za dini zina haja gani na habari za tabibu Mkristo kutoka Ireland? Jawabu letu tutalitoa kwa njia ya fiqhi, kisha tutaingia katika habari zenyewe.

Mwanafunzi wa fiqhi ya Kishafii hukutana na neno istiqraa mapema sana, afikapo mlango wa hedhi. Husomeshwa kuwa uchache wa hedhi ni mchana mmoja na usiku wake, na ghalibu yake ni siku 6 au 7, na wingi wake ni siku 15. Akitaka kujua mipaka hii imetoka wapi, huambiwa kuwa ni istiqraa ya Imamu Shafi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Yaani kufuatiliza hali za wanawake, mmoja baada ya mmoja, na kuuliza, hata hukumu ya jumla ikadhihiri yenyewe. Imamu hakuketi nyumbani akakisia. Aliuliza. Wengi hulihifadhi neno hili kwa ajili ya mtihani wa darasani, na kazi yake wakaiacha hapo hapo kitabuni. Basi katika maisha ya Burkitt twaiona istiqraa ikitembea kwa miguu yake, katika nchi tunazozijua, juu ya maradhi yanayotuhusu.

Tena liko jambo la pili. Twaona vijana wetu wapenda kusoma, na hilo ni jema, lakini kusoma kwao kwingi ni hadithi za kutunga za mapenzi na ujambazi. Twapenda waonje ladha ya vitabu vya habari za kweli, khasa vile vinavyosimulia namna dawa na sababu za maradhi zilivyopatikana. Kitabu cha dawa hukupa jawabu tupu: maradhi fulani, dawa yake fulani. Kitabu cha habari ya utafutaji hukutia ubavuni mwa mtafutaji siku ambayo yeye mwenyewe hajui kitu. Ukakisia pamoja naye, ukakosea pamoja naye, na linapodhihiri jambo ukafurahi kana kwamba nawe ulikuwapo. Ladha hii haina dhambi ndani yake, na humwachia msomaji faida baada ya kufunga kitabu. Mwaka 1970 mwandishi Bernard Glemser alichapisha kitabu kizima juu ya kazi ya Burkitt katika Afrika, na wengine wakaandika baada yake. Sisi hapa twatoa muhtasari kwa maneno yetu.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali katika jimbo la Fermanagh, na saa zake za mapumziko akizitumia kwa kuchunguza ndege wadogo wenye vifua vyekundu waliokuwa katika bustani yake. Aliwavisha pete miguuni apate kumtambua kila mmoja, akachora ramani ya eneo la kila ndege na mipaka asiyoiruka. Kazi hiyo ilikuja kujulikana sana na wataalamu wa ndege. Twaitaja kwa sababu mtoto alikua akiona ramani mezani kwa baba yake, na akajifunza kuwa swali la kitu hiki kiko wapi, na wapi hakipo, ni swali lenye maana.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, watoto walirushiana mawe, na jiwe moja likampiga usoni. Miwani yake ikavunjika, vigae vya kioo vikaingia jichoni, na jicho hilo likapotea. Tangu siku hiyo aliishi kwa jicho moja na jingine la kioo. Mwaka 1929 aliingia Trinity College mjini Dublin asome uhandisi kama baba yake, kisha moyo wake ukageuka akashika njia ya udaktari, akahitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata shahada ya upasuaji ya Edinburgh. Lakini alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Waingereza, alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Ilionekana kuwa mwenye jicho moja hawezi kufaa huko. Mwenyezi Mungu hupitisha alitakalo kwa njia asizozidhani mja: Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto na madaktari wakawa wahitajiwa, mwaka 1941 aliingia katika jeshi la matabibu, na jeshi likamleta Kenya na Somalia. Akaipenda Afrika. Vita vilipokwisha akaomba tena, na mara hii akakubaliwa, akapelekwa Uganda mwaka 1946.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika wilaya ya Lango. Huko aliwaona wanaume wengi wenye busha, maradhi ambayo ndugu zetu wa pwani hawahitaji kuelezwa, kwani yamewatesa wazee wetu tangu zamani. Aliwapasua, kama ilivyokuwa kazi yake. Walakini hakutosheka na kupasua. Alimwuliza kila mgonjwa kwao ni wapi. Hata alipokusanya majawabu aliona kuwa upande wa mashariki wa wilaya una wagonjwa wengi, na upande wa magharibi wachache mno, hali ya kuwa ni wilaya moja na watu wake ni wamoja. Mwaka 1951 aliandika habari hizo katika jarida la matabibu liitwalo Lancet. Leo twajua kuwa busha hilo huletwa na vijidudu vya filaria vinavyochukuliwa na mbu, na mbu hufuata maji na joto, hafuati mpaka wa wilaya. Hii ilikuwa istiqraa yake ya kwanza, nayo ilikuwa mazoezi ya ile iliyo kubwa zaidi.

Mwaka 1948 alihamishwa akapelekwa Kampala, katika hospitali ya Mulago, awe mpasuaji na mwalimu wa madaktari wa Makerere. Hapo, mwaka 1957, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mtoto huyo alikuwa amevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yamelegea na uso umepotoka. Burkitt alikuwa hajapata kuona uvimbe uliozishika pande nne zote za taya kwa pamoja, na hakujua la kumfanyia. Wiki chache baadaye alikwenda Jinja kuangalia wagonjwa. Akiwa ndani ya hospitali alitupa jicho nje ya dirisha, akamwona mtoto wa kike amekaa na mama yake, naye uso wake umevimba vivyo hivyo. Akatoka nje akampima, akakuta na tumboni mwake mna uvimbe.

Na hapa msomaji asimame kidogo. Madaktari wa Mulago walikuwa wakiwaona watoto wa namna hii tangu miaka mingi. Aliyevimba taya aliandikwa kuwa ana saratani ya taya, aliyevimba tumbo aliandikwa kuwa ana saratani ya figo au ya kizazi, na kila mmoja akapelekwa kwa mjuzi wake. Kila mjuzi aliona kiungo chake. Burkitt alikwenda katika madaftari ya hospitali, akayasoma moja moja, akatazama picha na habari za maiti waliopimwa, akaona kuwa wengi wa watoto hawa walikuwa na uvimbe wa taya pamoja na uvimbe wa viungo vya ndani. Basi akasema kuwa haya si maradhi mengi, haya ni maradhi mamoja. Mwaka 1958 aliandika katika jarida la wapasuaji la Uingereza habari za watoto 38. Hawakuwa wengi walioshughulika na maandiko hayo. Wenziwe wa Kampala, Gregory O'Conor na Jack Davies, ambao kazi yao ni kutazama vipande vya nyama kwa hadubini, ndio waliobainisha kuwa ni saratani ya tezi, yaani ya zile chembe za damu ambazo kazi yake ni kuulinda mwili.

Kisha akaja mgeni kutoka Afrika Kusini, Daktari George Oettlé, mjuzi wa saratani, akatazama picha za watoto hao, akamweleza kuwa huko kwao uvimbe kama huo haujulikani. Neno hili lilimkaa Burkitt moyoni. Ikiwa Uganda upo na Afrika Kusini haupo, basi pana mahali njiani unapokoma. Ni wapi? Na kwa nini?

Lau ni mwingine angalisema kuwa swali hili lataka maabara kubwa na fedha nyingi. Burkitt alipewa na serikali paundi 25. Kwa fedha hizo alichapisha karatasi zenye picha za watoto waliovimba, akazipeleka kwa posta katika hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza: je, mmepata kuwaona watoto wa namna hii? Majawabu yalipokuja alitundika ramani ukutani, na kila palipotajwa ugonjwa akachoma pini. Pini zikaanza kupanga mstari. Zilikata Afrika katikati, kutoka magharibi hata mashariki, kaskazini na kusini ya ikweta, kisha zikateremka kwa pwani ya mashariki kuelekea Msumbiji, mfano wa mkia.

Lakini barua huweza kudanganya. Palipo daktari hodari pana habari, na pasipo daktari ramani huwa nyeupe ingawa wagonjwa wamo. Kwa hivyo tarehe 7 Oktoba 1961 alitoka Kampala kwa gari, pamoja na matabibu wenziwe wawili, Ted Williams na Clifford Nelson. Gari lenyewe lilikuwa Ford kuukuu la mwaka 1954, walilonunua kwa paundi 250. Walikwenda kusini kwa njia za vumbi, wakapita nchi baada ya nchi hata Afrika Kusini, wakarudi. Walikwenda maili 10,000 kwa wiki 10, wakaingia katika hospitali zaidi ya 50. Kila hospitali Burkitt alitoa picha zake akauliza. Aliyewahi kumwona mtoto mwenye maradhi hayo hakuhitaji kufikiri, kwani sura ile haisahauliki. Na aliyesema hajapata kuona, neno lake liliandikwa kwa uangalifu ule ule, kwa kuwa mpaka hauonekani ila kwa kujua pande zake zote mbili.

Nani kati yetu asiyejua habari ya sahaba Jabir bin Abdillahi, Mwenyezi Mungu amwie radhi, aliyesafiri mwendo wa mwezi hata Sham ili kusikia hadithi moja tu kutoka kwa Abdullahi bin Unais? Na Imamu Bukhari alitoka kwao akazunguka Makka, Basra, Baghdad, Sham na Misri, akiwauliza watu mmoja mmoja, akiwapima waliosema na waliosikia. Desturi hii ya kufunga safari kwa ajili ya habari moja iliyo sahihi ni desturi ya kwetu. Hatusemi kuwa hadithi ya Mtume na habari ya uvimbe ni daraja moja, hasha. Twasema kuwa uaminifu ni ule ule: kutosema mpaka umeuliza, na kumwendea mwenye habari pale alipo.

Safari hiyo ilidhihirisha nini? Ilidhihirisha kuwa karibu na ikweta maradhi haya hayapandi zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari. Nyanda za juu za Kenya hayamo. Milima ya Rwanda na Burundi hayamo. Nchi za chini zilizo kando yake yamo. Na kadiri walivyokwenda kusini mpaka huo ulishuka, hata kule Msumbiji yakawa hayapatikani ila karibu na usawa wa bahari. Basi jambo lenyewe halikuwa urefu wa nchi. Alexander Haddow, mjuzi wa virusi na mbu aliyekuwa Entebbe, aliitazama ramani akaona kuwa ugonjwa hukoma pale ambapo baridi hushuka chini ya daraja 60 za Farenhaiti, yaani karibu 16 za Selsiasi, na pale ambapo mvua ya mwaka haifiki inchi 20. Joto na mvua. Na penye joto na mvua pana mbu.

Sisi tuandikao haya tuko Kiplombe, pambizoni mwa mji wa Eldoret, katika nchi iliyo karibu futi 7,000 juu ya bahari. Tuko juu ya mstari wa Burkitt. Hata hivyo katika mji wetu, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, huletwa watoto wenye maradhi haya, nao wengi watokako ni nchi za chini zenye joto upande wa Ziwa Victoria. Na ndugu zetu wa Mombasa, Kwale na Kilifi, pamoja na wale wa Malindi na Lamu, wako chini ya mstari; waliochunguza habari za Kenya wameitaja pwani pamoja na nchi za ziwani kuwa ndizo sehemu ambazo maradhi haya yameonekana zaidi. Kwa hivyo habari hizi si za watu wa mbali. Ni za nyumba zetu.

Palibaki fumbo moja. Visiwa vya Unguja na Pemba ni nchi za joto na mvua, tena viko usawa wa bahari. Kwa ramani ile ilikuwa maradhi haya yawe mengi huko. Kumbe yalikuwa adimu. Sababu yake ni nini? Ni kuwa tangu mwisho wa miaka ya 1950 visiwani humo ilikuwa imefanywa kazi kubwa ya kupambana na malaria kwa kunyunyiza dawa majumbani, na malaria ilipungua sana. Basi macho yakageuka kutoka kwa mbu peke yake yakaitazama malaria anayoichukua.

Upande wa pili wa fumbo ulifumbuliwa London. Tarehe 22 Machi 1961, kabla ya safari ndefu, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex. Alikuwamo msikilizaji mmoja kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vinavyoleta saratani kwa wanadamu. Virusi ni vitu vidogo mno, havionekani kwa hadubini ya kawaida. Epstein alisikia habari za joto na mvua, akatoka na azma ya kuvitafuta ndani ya uvimbe ule. Burkitt akawa anampelekea vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Epstein alitafuta zaidi ya miaka miwili asipate kitu. Mwishoni mwa mwaka 1963 ndege moja ilizuiliwa na ukungu isitue London, ikatua Manchester, na kipande kikafika kimechelewa na maji yake yamechafuka. Mwingine angalikitupa. Yeye alitazama akakuta chembe hai zinaelea. Zikaoteshwa, na mwaka 1964 yeye pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr wakavitangaza virusi hivyo, ambavyo hata leo huitwa kwa majina ya Epstein na Barr. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuwa vinahusika na saratani ya mwanadamu.

Na hapa pana jambo katika tabia ya Burkitt ambalo twapenda wanafunzi walitie maanani. Yeye mwanzo alidhani kuwa virusi vyenyewe ndivyo vinavyochukuliwa na mbu. Baadaye ilithubutu kuwa virusi hivyo vimeenea dunia nzima, hupita kwa mate, na watu wazima karibu wote wanavyo miilini mwao bila ya kuwadhuru. Hakung'ang'ania dhana yake kwa kuwa ni yake. Mwaka 1969 aliandika mwenyewe kuwa kinacholetwa na mbu ni malaria, na kuwa malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara ndiyo inayoudhoofisha ulinzi wa mwili, virusi vikapata nafasi na chembe zikaharibika. Elimu iliyokuja baada yake imeijenga kauli hiyo. Ni watu wangapi wenye elimu, dini au dunia, wawezao kuandika kinyume cha kauli yao iliyowapa jina?

Ama dawa yake, Burkitt alikuwa mpasuaji, lakini aliona mapema kuwa kisu hakifai. Kuukata uvimbe ule ni kumharibu mtoto uso, na uvimbe hurudi. Mashine za mionzi hazikuwako Kampala. Basi alijaribu dawa za saratani zilizokuwa bado mpya wakati ule, akapata msaada wa wajuzi kutoka Marekani. Uvimbe ukawa wayeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa, wengine kwa dozi chache tu. Hii ilikuwa miongoni mwa saratani za mwanzo duniani kuonekana zaponeka kwa dawa pasipo kisu, na ilionekana hapa kwetu, Kampala.

Leo katika nchi zenye uwezo watoto tisa katika kumi hupona maradhi haya. Katika nchi zetu wanaopona ni wachache zaidi, na miongoni mwa sababu kubwa ni kuchelewa kuwaleta watoto na kuyakatiza matibabu kabla ya kwisha. Uvimbe huu hukua kwa kasi isiyo na mfano. Huweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Basi tunawausia wazee na walimu wa vyuo, nao ndio wawaonao watoto kila siku: mkimwona mtoto taya lake lavimba, au meno yamelegea hali haujafika wakati wake wa kung'oka, au jicho latokeza nje, au tumbo lakua lenyewe, msiseme ni jino bovu, wala msiseme ni jini au jicho la hasidi, wala msimzungushe kwa waganga wa hirizi wiki kwa wiki. Wiki mbili za waganga ni umri mzima wa mtoto huyo. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Mwombeeni dua njiani, na mwombeeni akiwa kitandani. Dua ni ibada, nayo haikupata kumkataza mtu kupanda gari la hospitali. Na mkipewa tarehe ya kurudi, rudini, ingawa uvimbe umekwisha kuonekana.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966, na huko hakuacha mazoea yake ya kuuliza. Alikumbuka kuwa katika miaka yake ya Uganda maradhi mengi ya tumbo yaliyowajaza Waingereza hospitalini hakuyaona kwa Waafrika wa mashamba. Akaandikia hospitali za misheni kama alivyofanya zamani, akakusanya majawabu, akafika kwenye chakula: nafaka zisizokobolewa, mboga na maharage, ambavyo vina makapi yanayosaidia tumbo kufanya kazi. Sifa zake katika jambo hili zilienea duniani kuliko zile za saratani. Sisi ambao tumeanza kuuacha mtama na unga wa dona kwa ajili ya mkate mweupe, habari hii yatuhusu pia. Mwaka 1972 aliingizwa katika jamii ya wanazuoni wa Uingereza iitwayo Royal Society. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Alikuwa Mkristo mwenye kushika dini yake, na hatulifichi hilo wala halitudhuru kulitaja. Insafu ni kumpa kila mtu haki yake. Wazee wetu walisoma vitabu vya tibu vya Wayunani, wakavitia katika Kiarabu, wakavisahihisha, wakazidisha. Hawakuuliza kwanza aliyeandika anaabudu nini. Waliuliza kama alilolisema ni kweli.

Basi tunawashauri ndugu zetu wenye darasa za jioni, katika miji ya pwani na huku bara, watenge usiku mmoja katika mwezi kusoma kwa sauti sura moja ya kitabu cha habari kama hizi, kijana mmoja asome na wengine wasikilize, na penye Kiingereza kigumu afasiri anayejua. Kila wafikapo penye swali wafunge kitabu, kila mmoja atoe dhana yake, kisha wafungue waone. Wataona kuwa usiku umekwenda wala hawakuuhisi. Na huenda akatoka miongoni mwao kijana ambaye siku moja ataona jambo katika mtaa wake, mara moja, kisha mara ya pili, asilipite. Achukue karatasi na kalamu, aende nyumba kwa nyumba akiuliza. Kwa ajili ya kijana huyo tumeandika haya.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu, awape wazazi wao uwezo na subira, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.